Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutengeneza Programu za Ramani Ukiwa Moshi

Natengeneza programu za ramani na naishi Moshi. Kazi yenyewe haina sare wala ofisi yenye kibao, kwa hiyo watu huuliza: majirani, wanafunzi wanaotaka kuingia kwenye fani, mashemeji kwenye vikao vya harusi, na bodaboda wanaonikuta nimesimama njia panda nikiandika kwenye simu. Maswali ni yaleyale, nimeyakusanya hapa. Ya mwanzo ni ya mtu yeyote. Ya mwisho ni ya aliyekwisha kuanza kazi na kukwama.

## Kazi yenyewe

Hivi kazi yako ni ipi hasa?

Naandika programu zinazohifadhi, kuchora na kutafuta vitu vyenye mahali. Msambazaji wa vinywaji anataka kujua gari lianzie duka gani. Watu wa maji wanataka kuona vioski vyao vyote kwenye skrini moja. Msafirishaji wa watalii anataka muda wa kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi lango la Machame usiokuwa wa kubahatisha. Nyuma ya hayo yote kuna kanzidata, kwangu mara nyingi PostGIS. Ramani ya kwenye kivinjari naichora kwa Leaflet au MapLibre, na uchambuzi wa mezani naufanya kwa QGIS. Zote ni programu huria, hulipii leseni.

Asubuhi ni ya kuandika programu. Mchana, tena mchana mwingi kuliko watu wanavyodhani, ni wa kusafisha data: Boma Ng'ombe, Bomang'ombe, Bomangombe na B/Ng'ombe ni mji mmoja, lakini kompyuta inaona miji minne mpaka uiambie. Anayeingia kwenye fani hii akitegemea kuchora ramani nzuri tu atachoka mapema.

Kwa hiyo wewe ni mpima ardhi? Njoo unipimie kiwanja.

Hapana, na hata ukinipa soda. Mpima ardhi amesajiliwa kisheria, vifaa vyake vinapima kwa sentimita, na kazi yake ndiyo inayokubalika ofisi ya ardhi. Simu yangu inakosea mita tatu hadi tano mahali peupe, na zaidi chini ya migomba (sababu iko kwenye swali la mshale unaorukaruka). Mita tano kwenye kihamba, shamba la ukoo la Mchaga, ni mstari mzima wa kahawa, na ni kesi ya kurithisha wajukuu.

Uchagani mimea ya masale imeshika mipaka tangu enzi za mababu, na anayeing'oa usiku anajua alichofanya. Siichori kama mpaka wa mali ya mtu, na wewe usiichore. OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuichora, si daftari la ardhi. Ukiweka mstari pale kuna siku mtu ataupeleka barazani kama ushahidi.

Simu yangu imeibwa. Si unaweza kuitafuta?

Siwezi. Setilaiti za GPS hazijui simu yako iko wapi: zinatangaza saa na mahali zilipo zenyewe, na simu ndiyo inayosikiliza na kupiga hesabu. Ili mtu mwingine aione, lazima simu yenyewe itume taarifa kwa intaneti. Kama uliwasha huduma ya kutafuta kifaa kwenye akaunti yako, ingia haraka kwa simu ya ndugu. Kama hukuwasha, nenda polisi upate RB, kisha mtandao wako wafunge laini.

Na shemeji anayetaka kujua mzee yuko wapi saa hizi: jibu ni hilohilo, na hata ningeweza nisingefanya.

Kwa nini hukuhamia Dar?

Kwa sababu kazi ya ramani inataka mahali penye kila aina ya tabu, na Moshi ninayo yote ndani ya mwendo wa baiskeli. Katikati ya mji mitaa imenyooka, kazi rahisi. Ukipanda Kibosho au Uru, nyumba zimemezwa na migomba. Ukishuka Mabogini na Chekereni, ni majaruba ya mpunga na njia zinazobadilika kila msimu. Programu ikipona hapo, itapona kwingine.

Wateja wa mbali hawajali niko mji gani. Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wao wa baridi na saa moja wakati wao wa joto, kwa hiyo kikao chao cha asubuhi kinanikuta nimekwisha kufanya kazi ya maana na kunywa chai.

## Ramani, simu na bando

Google Maps ipo. Ninyi mnahangaika na nini?

Google Maps unaitazama. Data yake hupewi. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, inakupa data yenyewe: unaipakua, unaijengea programu, unaichapisha, mradi useme umeitoa wapi na kufuata masharti ya leseni yake, ambayo tangu 2012 inaitwa ODbL. Mimi nisiye na mtaji wa kununua data, hapo ndipo ugali wangu ulipo.

Halafu kuna suala la nani anaona umuhimu wa kuchora nini. Kampuni kubwa huchora panapolipa. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulichora mitaro na nyumba kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, kwa wanafunzi na wakazi kutembea mtaa kwa mtaa. Mwaka huohuo Crowd2Map ilianza kuchora vijiji vya Tanzania, sababu mojawapo ikiwa kuwasaidia wanaowanusuru wasichana na ukeketaji kufika kijiji husika usiku bila kupotea. Hakuna tangazo la biashara litakalolipia ramani ya namna hiyo.

Naweza kunakili kutoka Google Maps nikaweka OpenStreetMap?

Usithubutu. Ni hakimiliki ya mtu, na ukigundulika kazi yako yote itafutwa, hata ile uliyoitolea jasho. Chora kwa picha za setilaiti zilizoruhusiwa, kama za Bing ambazo Microsoft iliruhusu zitumike tangu 2010, na kwa miguu yako mwenyewe.

GPS inakula bando?

Haili. Kusikiliza setilaiti ni bure, kama kusikiliza redio. Kinachokula bando ni picha za ramani zinazopakuliwa kila unaposogea. Pakua ramani ya Tanzania mara moja kwenye Organic Maps au OsmAnd, ukiwa mahali penye Wi-Fi ya watu, kisha zima data kabisa. Mshale utaendelea kukufuata mpaka Rombo. Utakachoona kikiisha ni betri.

Kwa nini mshale unarukaruka nikiwa kijijini, wakati stendi ulitulia?

Simu inapiga hesabu kwa muda ambao mawimbi yametumia kutoka setilaitini. Mawimbi hayo yanafika yakiwa dhaifu mno. Majani mabichi yenye maji huyanyonya, bati huyarudisha, na kuta za bonde huficha upande mmoja wa anga. Simu inapokea wimbi lililogonga bati la jirani kwanza, inadhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo, na kukuhamishia ng'ambo ya mto.

Dawa ni kusimama. Toka chini ya mgomba, ishike simu juu, subiri dakika moja au mbili, ndipo uweke nukta. Simu zenye masafa mawili, zilizoanza kuuzwa 2018, zinastahimili zaidi. Tazama kwenye maelezo ya simu kama wameandika L1 na L5. Zikiweza pia kusikiliza setilaiti za mifumo mingine, yaani Galileo, GLONASS na BeiDou, bora zaidi.

Mbona picha ya setilaiti ya kijiji chetu ni mawingu tu?

Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha mahali pamoja karibu kila siku tano, na picha zake ni bure. Tatizo ni ratiba: hupita kama saa nne na nusu asubuhi kwa saa za jua, na saa hiyo mteremko wa kusini wa mlima mara nyingi umekwisha kujifunika. Tafuta picha za Januari na Februari. Juni hadi Agosti usitegemee. Watu wa Moshi wanajua jua linavyoadimika miezi hiyo. Na kumbuka kwamba nukta moja ya picha hiyo ni mita 10 kwa 10. Utaona shamba, banda la kuku hulioni.

## Kuingia kwenye fani

Nianzie wapi?

Anza na mtaa wenu. Fungua akaunti OpenStreetMap, weka programu ya StreetComplete kwenye simu ya Android, tembea. Itakuuliza maswali mepesi: barabara hii ni ya lami au vumbi, duka hili linauza nini. Wiki chache za hivyo zitakufundisha data ya ramani imejengwaje kuliko video nyingi: kuna nukta, kuna mistari, kuna mahusiano yanayoziunganisha, na kila kimoja kina lebo.

Halafu sakinisha QGIS, pakua data ya Tanzania kutoka tovuti ya Geofabrik, na ujibu swali moja unalolijali kweli. Kutoka kila shule ya msingi ya Moshi Vijijini hadi zahanati ya karibu ni umbali gani? Ukilijibu hilo umejifunza kuchuja, kupima na kuchora. Lugha ya programu ya Python ije baada ya hapo, ukishachoka kubofya kitu kilekile.

Hesabu zinahitajika kiasi gani?

Za kidato cha nne, lakini uwe umezielewa. Pembetatu, mduara, na kujua kwamba digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kutafuta njia fupi kunatokana na mbinu ya Dijkstra ya 1959, na ukikaa na karatasi utaielewa jioni moja.

Kompyuta gani? Na umeme ukikatika?

Mtumba wenye RAM ya GB 8 na SSD unatosha. Mpakato una betri, ruta haina: nunua kibetri kidogo cha ruta kabla ya kununua kiti kizuri.

## Kukusanya data mtaani

Kibao kinasema hivi, watu wanasema vile. Naandika lipi?

Swali hili ndilo linalonipa kazi kuliko yote. Mwaka 2022 operesheni ya Anwani za Makazi ilileta majina ya barabara na namba za nyumba nchi nzima, na vibao vikasimikwa. Lakini mtu akipanda hiace Arusha anasema anashuka Kwa Mrombo, na wa barabara ya Moshi anasema Kwa Sadala. Majina ya namna hiyo yametokana na mtu, duka, baa, hata mti uliokwisha kukatwa, na ndiyo yanayofikisha mgeni na jeneza.

Kanuni yangu: jina kuu ni lile ambalo bodaboda akitajiwa anawasha pikipiki bila kuuliza la pili. La kibao linaingia kwenye lebo ya jina rasmi, la wazee kwenye lebo ya jina la zamani. OpenStreetMap ina nafasi ya yote, hakuna sababu ya kuua moja. Ila usiulize mtu mmoja. Muulize bodaboda, kisha mama wa genge, kisha mzee aliyekaa barazani. Wawili wakikubaliana, andika. Wote watatu wakipishana, usiandike. Ununue ndizi, usalimie, urudi siku nyingine.

Jihadhari na jina ambalo limetoka kwenye ramani likarudi mtaani. Mtu akikosea kuandika, programu za kusafirisha vifurushi zinalibeba, dereva analisoma, na baada ya mwaka unaambiwa ndilo jina.

Watu wakinishuku?

Watakushuku, na wana haki. Kijana anayezunguka mtaani akipiga picha nyumba anafanana sana na kishoka au mtu wa bomoabomoa. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji kwanza. Shikamoo itangulie, maelezo yafuate, na uoneshe skrini. Mara nyingi mwenyekiti mwenyewe anageuka kuwa chanzo bora cha data, maana anajua mpaka wa kila balozi.

Usipige picha kambi za jeshi na polisi. Usiandike majina ya wenye nyumba. Mahali pa matambiko, wazee wa ukoo ndio wa kusema kama paonekane au la, na wakikataa ujue imeisha hiyo.

Mifongo nayo inachorwa?

Ndiyo, tena nakusihi uichore. Mifereji hii iliyochimbwa na Wachaga karne nyingi zilizopita inaleta maji ya mtoni hadi kihambani kwa mteremko wa kupimwa kwa macho, na mingi imekufa bila kuwahi kuwekwa kwenye ramani yoyote ya kidijitali. Hutaiona kwa picha ya setilaiti kwa sababu imefunikwa na miti. Itembee kwa miguu kuanzia kwenye chanzo, ukiwa na mtu wa kamati ya mfongo, na uiweke kama mfereji wa umwagiliaji. Kama haina maji tena, iandike kuwa imeachwa, usiifute. Njia inayoambaa na mfongo mara nyingi ndiyo njia ya shule, kwa hiyo unachora viwili kwa safari moja.

Saa za kufungua duka naandikaje?

Mwenye duka akisema "saa mbili mpaka saa kumi na mbili", kwenye lebo andika 08:00-18:00. Nimekuta maduka ya Moshi yanayofunguliwa 02:00 na kufungwa 12:00, yaani usiku wa manane hadi adhuhuri. Ukiyaona, rekebisha.

Naweza kurusha droni?

Ukiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwanza. Ndani ya hifadhi za taifa kuna ruhusa yake nyingine, na karibu na KIA, Kisongo au uwanja wa Moshi usijaribu kabisa. Kwa kazi nyingi za mtaa huihitaji. Tazama majibu ya hapo juu kuhusu picha za Bing na kutembea.

## Mambo ya jioni

Nje ya kazi unafanya nini?

Nafanya kazi ileile bila kulipwa, mke wangu atakwambia. Baiskeli ina simu kuukuu iliyofungwa kwenye usukani ikipiga picha za barabara kila mita chache; kioo chake kimepasuka lakini kamera ni nzima. Hakuna sababu ya kununua kifaa kipya wakati kila nyumba ina droo ya simu zilizokufa nusu.

Nyumbani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayosoma kipimo cha mvua na joto. Vipuri vingine naagiza, vingine navipata kwa mafundi redio mjini, ambao wanajua kulehemu kuliko mimi na hawakuwahi kusoma kitabu cha elektroniki. Kuna pia redio ndogo za LoRa zinazotuma ujumbe mfupi kilomita nyingi bila laini ya simu. Mlima unasaidia ukiwa juu yake na unaua kila kitu ukiwa nyuma yake, na kuchora mahali mawimbi yanapofika ni ramani yenye raha yake.

Redio hizo haziingiliani na sheria?

Masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Hakikisha kifaa chako kiko kwenye masafa yaliyoruhusiwa nchini kabla ya kukiwasha; kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani kinaweza kuja na masafa ya huko. Redio ya ridhaa inahitaji leseni, nawe unapewa alama ya wito inayoanza na 5H.

## Umekwama tayari

Nukta zangu za Moshi zimeangukia Hispania. Kuna nini?

Umegeuza latitudo na longitudo. Moshi iko karibu -3.35, 37.34. Ukizigeuza unapata 37.34, -3.35, na hapo ni milimani karibu na Granada. Faili la GeoJSON linataka longitudo ianze, binadamu wengi husema latitudo kwanza, na Leaflet inakubaliana na binadamu. Ugomvi huu hautaisha.

Zikiangukia Kenya kaskazini, kwenye jangwa la Chalbi karibu na North Horr, umesahau alama ya kutoa: sisi tuko kusini ya ikweta. Zikiangukia baharini, Ghuba ya Guinea, safu yako ilikuwa tupu na programu imeijaza sifuri mbili.

Nimeskani ramani ya zamani ya karatasi, kila kitu kimehama.

Kama vitu vyote vimesogea kaskazini kwa karibu mita 300, jibu ni Arc 1960. Ramani zetu nyingi za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo huo, uliojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880, wakati GPS inatumia WGS84. Usivute picha kwa mkono mpaka ikae. Ieleze QGIS ukweli: Arc 1960 ukanda wa 37 kusini ni msimbo EPSG:21037, na yenyewe itageuza.

Njia ya Arusha hadi Ngorongoro inakatika katikati.

Umevuka ukanda wa UTM, yaani kimoja cha vipande vya digrii sita ambavyo dunia imekatwa ili ipimwe kwa mita. Ukanda wa 37 unaanza longitudo 36, na mstari huo unapita kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Arusha na Moshi wako 37, Karatu yuko 36. Hifadhi kila kitu kwa WGS84, upimaji ufanye mwishoni.

Kilimanjaro ni mita 5,895 au 5,892?

5,895 ni ya upimaji wa 1952, na ndiyo iliyo kwenye kibao cha kilele cha Uhuru. Upimaji wa GPS wa 1999 ulitoa 5,892. Mlima haukupungua, vyombo na usawa wa bahari uliotumika kama mwanzo wa kuhesabu ndivyo vilivyobadilika. Simu yako ikikupa namba ya tatu, yawezekana inapima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, ambalo upande wetu huu linapishana na usawa wa bahari kwa zaidi ya mita kumi.

Ni kweli mpaka wa Kenya ulipindishwa ili Malkia Victoria amzawadie mjukuu wake mlima?

Hadithi tamu tu. Mstari uliwekwa na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, na mjukuu mwenyewe, Wilhelm wa Pili, alikuja kuwa Kaisari mwaka 1888.

Na Mnara wa Saa wa Arusha, kweli uko katikati ya Cairo na Cape Town?

Pima uone. Kwa mstari wa moja kwa moja, Arusha hadi Cairo ni kama kilomita 3,760, na hadi Cape Town kama 3,890. Tofauti ya kilomita 130 kwenye umbali huo si haba kwa aliyesema bila kompyuta, kwa hiyo waongoza watalii waendelee. Ila ukiunganisha Cairo na Cape Town kwa mstari mfupi kuliko yote na kutafuta nusu yake, unaangukia Kongo, kama digrii mbili kusini ya ikweta, na huko hakuna mtu wa kukuuzia picha ya ukumbusho.